Ubao wa Miraba 144 na Kreti za Kompyuta

Leo naomba tuziache kando habari za seva na hifadhidata, tuzungumzie michezo ya ubao, na hasa swali moja ambalo kwa haraka laonekana la kitoto: kwa nini programu ya mchezo hukataa ubao ulio mkubwa kidogo kuliko ule iliouzoea? Sisemi kwamba inacheza vibaya au polepole. Inakataa kabisa, kana kwamba umeiomba kitu kisichowezekana. Simu iliyo mfukoni mwako inabeba maelfu ya picha, na bado haina nafasi ya kuongezewa mistari minne ya miraba!

Swali hili nililetewa na mafundi wawili wa jua kali hapa Kisumu. Wamecheza drafti kwa miaka mingi kwa vizibo vya soda, vya Coke upande mmoja na vya Fanta upande wa pili. Ubao wao ni wa miraba 12 kwa 12, kwa hiyo kila mmoja anaanza na kete 30. Ukiwauliza kwa nini 12, watakuambia ukweli wote: kipande cha plaiwudi kilichobaki kwenye kazi ya mlango kilikuwa na ukubwa huo, na hakuna aliyeona sababu ya kukikata. Hesabu ya ushindi wameiandika ukutani kwa chaki. Halafu mmoja akapata kazi ya kutengeneza mashua upande wa Mbita, na ile hesabu ya chaki ikasimama. Wakatafuta programu ya simu ili wacheze kwa mbali. Walizozipata zilikuwa za 8 kwa 8, na moja ya 10 kwa 10. Huko Canada wanacheza drafti ya 12 kwa 12, na programu zake zipo, lakini kanuni za huko zinakulazimisha kula kwa njia yenye kete nyingi zaidi, jambo ambalo hawa wawili wanaliita dhuluma. Basi wakaja kwangu.

"Omera," akaniambia yule aliyebaki, "nyinyi watu wa kompyuta mmeshindwa na mistari minne?"

Haya, tujaribu kumjibu.

Chukua kreti ya soda. Ina vyumba 24, na kila chumba ama kina chupa ama hakina. Ukitaka kumweleza mtu hali ya kreti nzima unahitaji majibu 24 ya ndiyo au hapana, basi. Kompyuta nayo ina kreti zake. Wenyewe huziita maneno, na kila chumba ndani ya neno ni biti moja, yaani 1 au 0. Siku hizi kreti hizo huwa za biti 32 au 64. Kitu kinachoingia ndani ya kreti moja, prosesa hukifanyia kazi kwa mkupuo mmoja. Kisichoingia inabidi kigawanywe, na hapo ndipo kazi huongezeka.

Sasa tazama drafti ya kawaida. Ubao una miraba 64, lakini kete hutembea kwenye miraba myeusi tu, na hiyo ni 32. Kreti ya biti 32, miraba 32! Unahitaji kreti tatu tu: ya kwanza inaonyesha kete zangu zilipo, ya pili kete zako, ya tatu zipi kati ya hizo zimekuwa kingi. Baiti 12 kwa mchezo mzima. Uzuri wake ni kwamba ukitaka kujua kete zako zote zinaweza kwenda wapi, huhitaji kuzipitia moja moja. Unaisukuma kreti nzima nafasi kadhaa kwa amri moja, kisha unaangalia ni vyumba gani vilivyo wazi.

Nimesema "nafasi kadhaa", na hapo pana ujanja ambao mimi huupenda kuliko programu nyingi za kisasa. Ukiipa miraba myeusi namba 1 hadi 32 kwa mfululizo, utaona kwamba hatua ya mbele hailingani. Kutoka safu moja ni kuongeza 4 au 5, kutoka safu inayofuata ni kuongeza 3 au 4, kwa sababu miraba myeusi imepishana. Arthur Samuel, aliyeandika programu ya drafti pale IBM katika miaka ya 1950, alikuwa na mashine yenye maneno ya biti 36. Biti nne zilikuwa za ziada. Mtu mwingine angeziacha zikae bure. Yeye aliruka namba 9, 18 na 27, akaziacha kama miraba hewa. Ndiyo, hewa, kama wale wafanyakazi hewa tunaowasoma magazetini kila mwaka, tofauti ni kwamba hawa wa Samuel walifanya kazi. Miraba ikawa 1 hadi 8, kisha 10 hadi 17, kisha 19 hadi 26, kisha 28 hadi 35. Chukua karatasi ujaribu mwenyewe: sasa hatua ya mbele kutoka mraba wowote ni kuongeza 4 au 5, bila kuuliza uko safu gani. Na kete ya ukingoni ikijaribu kutoka nje kwa ubavuni, inaangukia mraba hewa. Ule ni ukuta, umejengwa kwa mabaki ya kreti, kama plaiwudi yetu.

Tuendelee na hesabu hiyo hiyo, maana hapo ndipo jibu la fundi lilipo. Drafti ya 10 kwa 10 ina miraba myeusi 50. Kila safu mbili ni miraba 10, unaongeza mmoja hewa kati ya kila jozi, jumla 54. Inaingia kwenye kreti ya biti 64 na nafasi inabaki. Drafti ya 12 kwa 12 ina miraba myeusi 72. Hata bila ukuta imeshapita 64, na ukiweka ukuta ni 77. Haiingii. Kwa hiyo ile programu iliyokubali 10 ikakataa 12 pengine haikuwa na ubaya wowote na mafundi wetu. Kreti ilijaa.

Kwenye chesi (wazee wa pwani wangesema sataranji) hadithi ni kali zaidi. Ubao wa chesi una miraba 64 na vipande husimama kwenye yote. Prosesa za biti 64 zilipoenea, ikawa kana kwamba watengenezaji wa vifaa walikaa chini na waliovumbua mchezo wakapatana! Kreti moja kwa ajili ya askari weupe, moja kwa farasi weusi, na kadhalika. Injini kubwa za leo, Stockfish ikiwemo, zimejengwa juu ya mapatano hayo. Na namba 64 haiishii kwenye ubao. Stockfish huhifadhi hatua nzima ya mchezo katika biti 16: biti sita kwa mraba unaotoka, sita kwa mraba unaokwenda, na nne zilizobaki kwa mambo kama askari kugeuka malkia. Biti sita huhesabu 0 hadi 63, hazina pa kuiandika 64. Ukitaka mraba mmoja wa ziada inabidi uipasue programu kuanzia msingi.

Ndiyo maana ukienda Lichess utakuta aina nyingine za chesi, ile ya mlipuko, ile ya kurudisha vipande ulivyokula, ile ya kundi kubwa la askari, Chess960, na zote bila kukosa ni za 8 kwa 8. Kanuni zimegeuzwa huku na huku, lakini ubao haukuguswa.

Waliojaribu kuugusa wapo. Kuna injini ya wazi iitwayo Fairy-Stockfish, imetokana na Stockfish, na unaweza kuipa mchezo wako kwa kuandika kanuni kwenye faili la maandishi. Ukiijenga kwa namna ya ubao mkubwa inatumia biti 128, yaani kreti mbili zilizofungwa pamoja. Shogi ya Wajapani, 9 kwa 9, inaingia. Chesi ya Kichina, safu 10 na nguzo 9, inaingia. Mpaka wake ni nguzo 12 kwa safu 10, miraba 120.

Sasa fikiria kidogo. Ubao wa 11 kwa 11 una miraba 121, ambayo ni chini ya 128. Kwa nini basi haukubaliki? Sababu ni namna miraba inavyopewa namba. Programu imepanga kwamba kila safu inachukua nafasi 12, uzitumie usizitumie, ili hatua ya kupanda safu moja iwe ile ile daima. Safu 10 mara 12 ni 120. Safu 11 mara 12 ni 132, na kreti mbili zimejaa. Kwa hiyo michezo ya zamani ya Ulaya ya kaskazini iliyochezwa 11 kwa 11 imebaki nje kwa kukosa nafasi nne, huku nafasi nane zimelala bure mwishoni mwa kreti. Simlaumu aliyeandika. Kasi anayoipata kwa mpango huo ni kubwa, na kila mmoja wetu amewahi kuandika namba kama hiyo juu kabisa ya faili, usiku, akisema hii itatosha. Nasema tu kwamba mtu anayeukuta ukuta ule baadaye hudhani ni kanuni ya hisabati.

Kuta nyingine ni za kipuuzi zaidi. Programu inayoweka namba ya mraba ndani ya baiti moja hukoma kwenye miraba 256, yaani 16 kwa 16. Nguzo za ubao huandikwa kwa herufi, a hadi h, na alfabeti ina herufi 26. Hali ya chesi huandikwa kwa mtindo uliotokana na mwandishi wa habari Mskoti wa karne ya 19, David Forsyth, ambapo miraba mitupu huandikwa kwa tarakimu: miraba minane mitupu ni "8". Ukiwa na ubao wa 10 utaandika "10", na programu inayosoma herufi moja moja itaona mraba mmoja mtupu, kisha sifuri. Wajapani wana shogi kubwa ya 36 kwa 36, miraba 1296, kila upande vipande 402. Huyo hata herufi hana.

Njia ya kukwepa haya yote ipo, na ni ya zamani. Programu ya Zillions of Games, iliyotoka mwaka 1998, ilikuwa inasoma faili ambalo unaitajia nafasi zako na njia zinazoziunganisha, kama mtu anayechora ramani ya vituo vya matatu. Haijali kama ubao ni mraba, duara au umbo la samaki. Gharama yake ni kasi, kwa sababu hakuna tena kuisukuma kreti nzima kwa mkupuo. Inapita kituo baada ya kituo.

Basi mimi nifuate ipi? Nilikaa na swali hilo siku mbili, ndipo nikagundua kwamba mafundi wangu hawahitaji mashine icheze. Wanachezana wenyewe! Kasi yote ile inatakiwa pale kompyuta inapopekua mamilioni ya hatua kutafuta iliyo bora. Programu yangu ni tarishi tu: ichore ubao, ihakikishe hatua ni halali, ipeleke habari Mbita. Kwa kazi hiyo orodha ya kawaida ya baiti inatosha, baiti moja kwa mraba, na fremu ya miraba hewa kuzunguka ubao wote ili kete isidondoke nje. Ni ile ile hekima ya Samuel, ila bila kubana matumizi. Ukubwa wa ubao unasomwa kwenye faili, na neno "8" halipo popote ndani ya msimbo. Kwenye simu ya bei ya chini, ya biti 32, inafanya kazi bila hata kupasha betri moto.

Lakini mtandao wa data ukingoni mwa ziwa huja na kwenda, kwa hiyo nikaamua hatua zisafiri kwa SMS, na kila ujumbe ubebe hali ya ubao wote, ili ujumbe mmoja ukipotea mchezo usiharibike. SMS moja inabeba herufi 160. Miraba myeusi ya 12 kwa 12 ni 72, herufi moja kwa mraba: tupu, kete yako, kete yangu, kingi wako, kingi wangu. Inaingia na nafasi kubwa inabaki. Ya 16 kwa 16 ni 128, bado sawa. Ya 18 kwa 18 ni 162, imepita kwa herufi mbili. Kwa hiyo programu yangu nayo ina mpaka wake, na nimeuandika waziwazi kwenye maelezo: mwisho 16, kwa sababu ya SMS. Anayetaka 18 ajue ni kwa nini, na ajue kwamba kwa jumbe mbili ingewezekana.

Hapo ningeweza kufunga mjadala, isipokuwa siku nilipokuwa nikiijaribu pale Dunga, karibu na mashua, mzee mmoja aliinama akatazama skrini yangu kwa muda.

"Hiyo ni drafti," akasema. "Na ajua?"

"Jaduong', ajua bado."

"Bado kwa nini? Si ni mashimo na mbegu tu?"

Wasomaji wa mbali, ajua ni mchezo wa Wajaluo wa kugawa mbegu kwenye mashimo, wa ukoo mmoja na bao la pwani na omweso wa Waganda ng'ambo ya ziwa. Kwa haraka ungesema ni rahisi kuliko drafti. Bao la kiswahili lina safu nne za mashimo manane, jumla 32, idadi ile ile ya miraba myeusi ya drafti. Lakini kreti ya soda hapa haisaidii kitu! Chumba cha kreti kinajibu swali moja, ipo au haipo. Shimo la bao linajibu swali lingine: ziko ngapi? Mchezo wa bao una kete 64. Kila mchezaji huanza na 10 ubaoni, sita katika nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, na 22 za akiba mkononi. Mchezo ukichachamaa shimo moja linaweza kubeba lundo. Ukitoa baiti nzima kwa kila shimo, mashimo 32 ni biti 256, kreti nne za biti 64. Ubao uliofanana na wa drafti kwa hesabu ya mashimo umekuwa mzito mara nane kuliko kreti moja ya drafti, na bado hujaweka akiba za mkononi wala kumbukumbu ya nyumba imevunjwa au haijavunjwa.

Na si swali la ukubwa tu. Programu nyingi za michezo mchanganyiko, Zillions ikiwa mojawapo, zimeundwa kwa wazo kwamba nafasi moja hukaliwa na kipande kimoja. Ukitaka kuiingiza bao humo inabidi udanganye: unatengeneza kipande kiitwacho "mbegu moja", kingine "mbegu mbili", kingine "mbegu tatu", na kila mbegu inapodondoshwa unakibadilisha kipande kizima. Inawezekana. Lakini utaona kwamba aliyebuni programu alikuwa na chesi akilini, na michezo yetu imeingia kwa mlango wa jikoni. Kwangu mimi huu ndio mpaka wenye uzito kuliko ule wa 8 kwa 8. Mistari minne huongezwa kwa kubadilisha namba. Wazo la "kipande kimoja nafasi moja" halibadilishwi hivyo, na mtoto wa Kisumu anayekua akicheza simuni hatajua kamwe kwamba kuna mchezo ulioachwa nje, kwa kuwa asichokiona kwenye menyu hatakiuliza.

Kwa hiyo nimeanza tawi jipya la programu ambamo kila nafasi ina namba badala ya kipande. Drafti inaingia humo vizuri tu, maana kete ni namba moja kati ya tano. Jaduong' alitaka kujua shimo litabeba mbegu ngapi, nikamwambia 255, na ya 256 ingelifanya lionekane tupu. Alicheka sana. Akasema akikutana na mtu mwenye mbegu 256 katika shimo moja, atamkagua mifuko kwanza.

Kinachonikwamisha sasa si biti. Idadi ya mashimo hutofautiana kutoka ubao hadi ubao, na wengine hawana ubao kabisa, wanachimba mchangani. Kwa hiyo faili la kanuni linaanza na mistari miwili, mashimo mangapi na mbegu ngapi za kuanzia, na yote miwili iko wazi mpaka mchezaji aijaze. Mstari wa tatu ni wa kula mbegu za mwenzako, na huo Jaduong' na rafiki yake wa Rusinga hawajaafikiana. Kila mmoja amenionyesha kwa mkono, kila mmoja ana hakika. Jumamosi nitakaa nao tena. Wakikubaliana nitauandika mstari huo, na wasipokubaliana yatakuwa mafaili mawili, moja la Dunga na moja la Rusinga.